Mkoba Aliouokoa Bi Mwanasha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, siku tulipoikimbia nyumba yetu Likoni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Watu wa bara kama sisi tulikuwa tumetupiwa karatasi za kutuonya tuhame, na mtaa wa pili ulikuwa umeshaanza kuungua. Baba alinishika bega. "Wewe chukua mkoba wenye karatasi zetu muhimu. Mengine wacha." Ndani mlikuwa na vyeti vyetu vya kuzaliwa, hati ya kiwanja, na picha ya pekee ya marehemu mama.

Nami nikachukua redio. Hata leo sijui kwa nini. Ile hofu ilinitoa akili. Tulipovuka feri ndipo baba alipouliza mkoba uko wapi. Nikamwonyesha redio. Hakunigombeza. Alikaa chini tu, pale pale njiani.

Tulipokewa Kisauni na jamaa wa kanisani. Kila aliyeniuliza nilimwambia kwamba majirani zetu ndio waliotuchomea, wote, hata Bi Mwanasha, mama wa Kidigo, mwenyeji wa pale, wa mlango wa pili, aliyekuwa akinisuka nywele. Baba akanisikia.

"Ulimwona Bi Mwanasha na kiberiti?"

"La, baba."

"Basi usimtaje."

Nikadhani baba hana uchungu. Kumbe alikuwa nao kunishinda.

Hali ilipotulia akanituma nikatazame kiwanja. Nilikuta kuta nyeusi, bati zimelala chini. Nilipogeuka kuondoka, nikasikia naitwa. Bi Mwanasha alikuwa kasimama mlangoni kwake. Nikamwamkia kwa shingo upande.

"Marahaba, mwanangu. Babako yu hai?"

Nilipomwambia yu hai, akalia. Akaingia ndani, akatoka na mkoba wetu kaufunga kwa leso. Mkononi alikuwa na kovu bichi. Aliufuata mkoba huo ndani, moto ukiwa umeshashika jikoni kwetu.

"Wallahi sijaufungua," akasema. "Mamako, alipokuwa mgonjwa, alinionyesha unapokaa."

Nilipiga magoti nikamweleza yote niliyomsema huko Kisauni. Aliniinua. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilikula kwake siku ile, mwanangu, na nimekula kwake mara nyingi hadi Mungu alipomchukua. Kwa vyeti vile nilipata kitambulisho na kazi. Kwa picha ile nanyi mnaujua uso wa bibi yenu. Sijamaliza kushukuru.

Basi nakuusia. Vyeti na picha zako viweke pamoja, uandike majina nyuma ya picha, na umwonyeshe mtu mmoja wa nje unayemwamini mahali vinapokaa. Asiyekutenda ubaya usimtie kundi moja na waliokutenda. Na ukiwa umeshamsema, mwendee, umwambie mwenyewe kwa kinywa chako, hata kama hajui.

Mola akuweke penye amani, akujaalie majirani wema, nawe akujaalie uwe jirani mwema kwao. Amina.