Alama ya Lukumani

Lukumani wa Kabambare hakumwamini mtu; hata uji wa dada yake aliunusa kwanza. Ndiyo maana sultani alimkabidhi wembe wa kuchanjia undugu. Watu wawili wakichanjwa na kuonjana damu, yeye ndiye aliyewachungulia vinywani kuhakikisha wamemeza.

Mzungu alipokuja na bendera, akitaka undugu na sultani, Lukumani alinoa wembe. Mzungu akakunja mikono, akamsukuma mbele askari wake achanjwe badala yake.

"Huyu mutu iko na mambo," Lukumani alimnong'oneza sultani. "Damu yake amebaki nayo."

Sultani na yule askari wakachanjwa. Kisha ikatolewa karatasi. Mkalimani wa mzungu alisema ni ya urafiki tu, sultani atie alama. Lukumani akamtangulia. Ikiwa askari alitosha kwa damu, yeye angetosha kwa wino. Akachora alama, akarudi nyumbani akijichekea: dawa ya moto ni moto.

Mvua zilipoanza tena, mzungu alirudi na bunduki nyingi, akasema nchi ni yake, watu wabebe pembe zake za ndovu. Sultani akakana kutia alama.

"Nani alitia?" mzungu akauliza.

Lukumani akajitokeza, kifua mbele. "Ni mimi. Shamba langu la karanga iko kule mutoni. Chukua ile."

Mkalimani akatafsiri. Mzungu hakukasirika hata kidogo. Alisema kwao Ulaya hakuna aliyeuliza alama ni ya nani. Waliuliza tu kama ipo. Kisha akaamuru Lukumani awe wa kwanza kufungwa kamba ya wabeba pembe.