Mbuzi Wote Wamekuwa Hisa

Jameni, leo Baba ameulizwa swali na mpaka saa hii hajajibu.

Redio ilitangaza kwamba kampuni ya serikali inauzwa kwa wananchi, na hisa zake zitapanda. Basi asubuhi mimi na Baba tumeenda Kasikeu kuchukua mbuzi wake kwa rafiki yake, Mzee Kioko.

Mnajua vile sisi hufanya. Wengine unafuga kwako, wengine unaachia rafiki wa mbali, ndio ugonjwa ukiingia boma moja usikumalize. Baba mwenyewe ndiye alinifundisha hivyo!

Kioko alifungua boma.

Halafu akauliza polepole, "Baba Mwende, unachukua wote? Nimekukosea wapi?"

Uwii. Mimi niliangalia chini tu.

"Hujanikosea," Baba akasema. "Nauza wote ninunue hisa. Wa nyumbani niliuza jana."

"Hisa za kampuni ngapi?"

"Moja."

Kioko alimpa kamba za mbuzi. "Na hiyo moja ikishikwa na ugonjwa, utakimbilia boma la nani?"

Baba alivuta kamba, tukaondoka. Mbuzi tukawapeleka sokoni moja kwa moja, tukawauza.

Jioni hii amefunga mlango wa boma letu vizuri, kama kawaida yake.

Ndani hakuna hata mbuzi mmoja.

Nyinyi mngemwambia nini?