Kesi ya Masale Iliyomshika Mjukuu

Kazi yangu ni kufanya kompyuta zizungumze, na sijaona kompyuta zenye kiburi kama za watu wa haki. Polisi wana mfumo wao, waendesha mashtaka wana wao, mahakama ina wake, magereza yana wake, na kila mmoja anaamini wa kwake ndio ulioshushwa kutoka mbinguni. Nilipotumwa Moshi kuziunganisha, nilikuta taarifa ya mtu aliyeachiwa na hakimu ikisafiri mfukoni mwa askari, na askari naye ana mizunguko yake.

Sikumwambia mtu auache mfumo wake. Ningefukuzwa kabla ya chai. Niliwatolea mfano wa soko la Kiboriloni: mteja haingii stoo kupekua, anauliza mezani na anajibiwa pale pale. Basi kila ofisi ibaki na stoo yake, ila iweke meza nje, na maswali na majibu yote yafuate mtindo mmoja. Hapo wakanielewa. Kikabaki kitu kimoja tu: mtu tumtambue kwa nini? Mafaili ya zamani hayakuwa na mwaka wa kuzaliwa wala jina la baba, kwa hiyo tukakubaliana jina, ukoo na kijiji. Tukapigiana makofi. Nusu ya waliokaa pale tulikuwa Wachagga, tena wazaliwa wa kwanza, tunaobeba majina ya babu zetu kama yalivyo, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Siku ya majaribio ilikuwa Ijumaa. Asubuhi hakimu alimfutia mashtaka kijana mmoja wa Kilema aliyekuwa mahabusu kwa tuhuma ya kuiba mashine ya kumenyea kahawa. Kumbe mashine iliazimwa na shemeji wa mwenye mashine, akakaa kimya. Mama wa kijana alikuwa amekuja mahakamani na hotpoti ya kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa vizuri, ili mwanawe ale kabla ya kupanda nyumbani. Jumapili kijana huyo alikuwa anabatiza mtoto wake wa kwanza.

Nikiwa hapo mahakamani nilibonyeza mwenyewe, kwa mbwembwe, taarifa ya kumwachia ikaenda gerezani. Jibu lilirudi kabla sijakaa sawa: asiachiwe, anatafutwa kwa kesi nyingine.

Kesi yenyewe ilikuwa ya kung'oa masale, ile mimea tunayopanda mpakani, katika shamba la jirani, na kisha kutofika mahakamani. Ilifunguliwa kijana akiwa hajazaliwa.

"Mwanangu, huyo ni baba mkwe," mama aliniambia. "Huyu wangu ana jina lake tu. Masale ameyang'oa lini?"

Nilimpigia simu ofisa wa magereza nikamwambia mashine imekosea. Akanijibu kwa upole wa kuudhi, "Si wewe uliyesema tusisikilize tena maneno ya simu?"

Ni kweli nilisema, tena kwa sauti. Niliona aibu, halafu nikaona hasira. Ofisi zikifungwa, kijana angelala ndani mpaka Jumatatu, na mtoto wake angebatizwa baba hayupo.

Mama hakungoja hasira zangu zipoe. Alipiga simu nyumbani, na mchana babu akashuka kwa bodaboda, amevaa koti la misa na kofia, akanyoosha moja kwa moja mpaka kwa mwendesha mashtaka, dada mmoja wa Mwika.

"Shikamoo, meku," dada alimwamkia, kama tunavyowaita wazee kwetu.

"Marahaba. Nasikia mnanitafuta. Mmechelewa sana."

Kesi hiyo, alisema, iliisha zamani. Alichukua jani la sale, akalipeleka kwa jirani kuomba radhi kama ifanyikavyo kwetu. Jirani akalipokea, wakanywa mbege, na baadaye wakaozeshana watoto. "Binti wa huyo jirani ndiye huyu hapa," alisema akimwonyesha mama wa kijana. "Tulimaliza wenyewe. Kuna mtu alitakiwa kuja kuwaambia nyie?"

Dada wa Mwika alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaiondoa kesi. Hakimu akaridhia, taarifa ikaenda, na safari hii gereza likakubali. Swali la kumtambua mtu tulilirudia wiki iliyofuata, kwa adabu zaidi.

Tukiwa tunamngoja kijana atoke, mama alinisogelea na kunong'ona. Mtoto wa kubatizwa Jumapili angepewa jina la babu yake, yaani marehemu mume wa mama huyu, mwana wa mzee yule. "Na huyo niangalizie, mwanangu. Asije akamwachia mtoto kesi."

Bado ilikuwa siku ya majaribio, nikauliza meza zote. Majibu yalikuja yakifanana: hakuna taarifa. Nilidhani atacheka tu, mambo yaishe.

"Polisi hawana neno juu yake?"

"Hawana, mama."

"Na magereza?"

"Hawana."

"Nilijua," alisema, na machozi yakamtoka. Akaniomba nisome tena, kwa sauti, maana babu hasikii vizuri. Nikasoma ofisi moja baada ya nyingine, hakuna taarifa, hakuna taarifa, na mzee akavua kofia kusikiliza mwanawe akisifiwa.