Yurub Aita Watu Bila Sababu

Neno lenyewe lilisemwa jikoni, mbele ya karai la sambusa, kwenye akika ya mtoto wa Hodan. Yurub alikuwa amekaa kwenye kigoda akisugua masinia, mikono imezama povuni hadi viwikoni. Mwanamke mmoja aliyeolewa Garsen juzijuzi tu, ambaye bado hakujua la kuuliza na la kunyamazia, alimgeukia kwa bashasha. "Na wewe dada, sisi utatuita lini kwako?"

Kabla Yurub hajafungua kinywa, wifi yake Ubah alimjibia. "Huyu hana la kutuitia," alisema, huku akigeuza sambusa mafutani. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anavyosema leo jua ni kali.

Kilichomuuma Yurub ni kwamba hakuna aliyeinua kichwa. Wanawake waliendelea kukata vitunguu. Ilikuwa kweli, na wote waliijua. Mjini kwao watu walialikana kwa ajili ya watoto: mtoto akizaliwa, akihitimu Qurani, akiingia chuo, akioa au akiolewa. Yeye na mumewe Hared walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka ishirini na Mungu hakuwajalia. Miaka yote hiyo alitoa mchango kila ulipopitishwa, akachambua mchele wa harusi za watu, akachemsha chai ya matanga ya watu. Uani kwake hakukuwahi kuchinjwa hata kuku kwa ajili ya wageni.

Alimaliza sinia la mwisho. Akajipangusa mikono kwenye dera, akasimama.

"Jumamosi ya wiki ijayo, mchana, baada ya swala," alisema. "Nyote mko kwangu."

Ubah alisimamisha kijiko chake. "Kuna nini kwako?"

"Kuna chakula."

"Chakula cha nini, abaayo?" Alimwita dada kwa Kisomali, kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

"Cha kula," Yurub alijibu. Akatafuta viatu vyake mlangoni, akaenda zake.

Njiani ndipo alipoanza kupiga hesabu. Alikuwa hodari dukani kwake, lile duka la madera na shungi karibu na stendi ya mabasi ya Lamu, na hakuna mteja aliyewahi kumzungusha. Lakini kupika kwake kulikuwa kwa watu wawili. Wali aliojua kuupika ungemshibisha Hared na paka. Kwenye shughuli za wenzake alipewa kuosha na kuchambua, kwa sababu Ubah ndiye aliyeshika mwiko, na Ubah hakumwachia mtu mwiko.

Hared alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mtu mwembamba, wa maneno machache. Alimsikiliza mkewe hadi mwisho, akakuna ndevu.

"Watu watasema."

"Wameshasema."

"Watasema naoa mke wa pili."

"Unaoa?"

"Nguvu ziko wapi?"

"Basi waache waseme. Mimi nataka mbuzi wawili. Wanono, Hared. Si wale unaowasukumia wateja wa Malindi."

Hared akacheka, na Yurub akajua kwamba upande huo amevuka.

Habari ilienea kabla hata hajanunua bizari. Kweli walisema Hared anaoa. Wengine walisema Yurub anataka kugombea kiti cha udiwani, na hiyo ni njia ya kuanza kampeni. Mwingine alileta habari kwamba ana ugonjwa mbaya na anaaga watu. Maneno haya hayakumsumbua. Lililomsumbua ni lile lililomfuata dukani siku ya tatu, wakati wanawake walipoanza kuingia bila shida ya nguo, wakipapasa vitambaa huku macho yakimteremka kifuani hadi tumboni. Hodan ndiye aliyethubutu. Aliinama juu ya meza akanong'ona, "Abaayo, nasikia hongera. Umri huo! Mungu ni mkubwa."

Yurub aliweka mkono tumboni, mbele ya wateja wote. "Mungu ni mkubwa," alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Lakini humu hamna kitu isipokuwa anjera nilizonywea chai asubuhi. Jumamosi njoo na njaa yako tu. Usilete nguo za mtoto."

Hodan alitoka na ushungi ambao hakukusudia kuununua.

Jioni hiyo Yurub alikwenda kwa wifi yake kuomba sufuria. Kikundi cha akina mama kilikuwa na sufuria mbili kubwa, kila moja ya kutosha kuogeshea mtoto mkubwa, na Yurub alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzichangia. Ubah alizitunza stoo, ufunguo ukining'inia shingoni. Alikuwa dada mkubwa wa Hared, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na katika nyumba ya mdogo wake huyo alizoea neno lake kuwa la mwisho.

"Sufuria hizi ni za harusi, akika na matanga," alisema bila kuinuka mkekani. "Kwako kuna lipi kati ya hayo?"

"Ningekufa ungenipa?"

"Astaghfirullah! Ungekufa ningezibeba mwenyewe kichwani."

"Basi nashukuru. Siku hiyo uzilete. Jumamosi nitapikia nyingine."

Alisema hivyo na hakuwa na nyingine. Alirudi nyumbani akiwa amekunja uso, akapita kwa jirani yake Mama Elvis, Mpokomo aliyeuza maembe na ndizi kutoka kijiji cha Wema. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa miba tu. Mama Elvis alimpa ndizi, akasikiliza, kisha akapiga kofi pajani.

"Nani alikwambia wali wa watu wengi lazima uive pamoja? Kwani watu watakula na mdomo mmoja? Kila nyumba hapa ina sufuria. Twende tukaombe."

Walizunguka mtaa mzima, Yurub mbele na Mama Elvis nyuma na toroli. Kila aliyetoa sufuria alialikwa hapo hapo, awe Msomali, Mpokomo, Mgiriama au Muorma. Qabale, mjane wa Kiorma aliyeuza maziwa sokoni na ambaye wanawe wote walikuwa mbali wakichunga mifugo, alitoa sufuria nyeusi ti kwa moshi. "Nimeipikia harusi yangu," alisema. "Tangu hapo mtu hajaniomba."

Mama Elvis ndiye pia aliyesema wajaribu kwanza. Jumatano wakawasha moto, Yurub akapika pilau kwa makisio yake, kikombe cha mchele kwa kikombe cha maji, kama alivyodhani amemwona Ubah akipima. Chini iliungua, juu ikabaki ngumu kama changarawe. Kuku wa Mama Elvis walidonoa mara moja, wakaondoka. Yurub aliketi juu ya gogo la kuni akaona aibu inampanda shingoni. Angeweza kusema anaumwa. Angeweza kusema Hared amesafiri. Akaukwangua ule wali wote, akaosha sufuria, akaanza upya, na safari hii akaongeza maji na kupunguza moto. Ulikuwa mbaya, ila uliweza kulika.

Jumamosi upepo uliamka mapema kuliko yeye. Turubai walilofunga kati ya nyumba na mwarobaini liling'oka mara mbili, na mara ya pili liliangusha ndoo ya kachumbari mchangani. Punda wa maji alichelewa. Kwenye mafiga yaliyopangwa kando ya ukuta sufuria zilichemka kila moja kwa tabia yake, hii ikitokota kwa fujo, ile ikinyamaza kabisa, na Yurub akikimbia kutoka moja hadi nyingine, jasho na moshi machoni. Hared alichinja, akachuna, akakatakata nyama, kisha akaenda kuswali.

Swala ikaisha. Mikeka ilikuwa imetandikwa, ubani unafuka, masinia yamepangwa. Hakuna mtu. Yurub alivaa dera lake la zambarau na kusimama getini, kisha akaona haya kuonekana amesimama, akarudi ndani, kisha akatoka tena. Mama Elvis alianza kusema jambo la kumliwaza.

"Usiniambie kitu," Yurub alisema. "Wasipokuja tutakula sisi. Kitakachobaki nitawapa abiria wa basi la Lamu. Lakini sifungi geti."

Wa kwanza kuingia alikuwa Qabale, na fimbo yake. "Nimekuja kuangalia sufuria yangu," alisema, akaketi katikati ya mkeka kama aliyezaliwa hapo. Mgiriama mmoja akafuata, naye anaulizia sufuria yake. Kisha wakaja wawili pamoja, kisha watatu. Kila mmoja alikuwa na udhuru wa kuingia, na akishaingia aliusahau. Hared akarudi msikitini na wanaume nyuma yake, wakaenda upande wao chini ya mwarobaini. Wanawake wa kikundi walifika mwishomwisho, wamejipaka manukato, wakitazama kila pembe kama watakaoulizwa baadaye. Yule mgeni aliyeuliza swali jikoni alikuja na kashata alizotengeneza mwenyewe.

Watu walikuwa wameanza kula, wali na nyama na ndizi pembeni, Ubah alipotokea getini na binti zake wawili. Alipita kwenye mafiga akifunua sufuria, akionja kwa ncha za vidole.

"Huu umeiva. Huu bado. Huu una chumvi ya kuua mtu." Akageuka. Watu walikuwa wameacha kutafuna. "Sufuria yetu moja ingemaliza kazi yote hii. Ungeniomba vizuri."

"Nilikuja kwako nikaomba."

"Kwa jambo gani? Tuambie leo, mbele ya watu. Tunasherehekea nini hapa?"

Yurub alikuwa ameshika sinia zito la nyama. Hakuliweka chini.

"Mimi," alisema. "Nimewaoshea masinia, nimewashangilia watoto wenu mmoja mmoja, na nilifurahi kweli, sikuigiza. Lakini hata mimi nipo. Nina nyumba, nina mkeka, nina mume aliyechinja mbuzi wake mwenyewe. Sihitaji kuzaa ndipo niite watu wale. Kuna nafasi pale kwa Qabale. Ukipenda, kaa. Usipopenda, nitakufungia chako ukale nyumbani."

Ubah alimtazama Hared, kule chini ya mwarobaini, kama alivyozoea kumtazama tangu utotoni. Hared aliinua kichwa. "Dada, kaa ule," alisema kwa upole. "Hata ule wenye chumvi si mbaya sana."

Ubah alijifunga mtandio vizuri, akaondoka. Alipofika barabarani akageuka kuwaita binti zake, lakini wao walikuwa wameshakaa.

Kisha Qabale, mdomo umejaa, akaomba aongezewe ndizi, na watu wakarudi kutafuna. Alasiri wanawake walipiga makofi na kuimba, Kisomali kwanza, kisha Qabale akatoa wimbo wa Kiorma ambao nusu ya watu hawakuuelewa, wakauitikia vilevile. Yurub alicheza. Alicheza vibaya, kwa nguvu, viatu mkononi, na hakutazama nani anamtazama.

Ubah hakuzungumza naye hadi Ramadhani, na hata sasa hawajawa kama zamani. Yurub husema zamani yenyewe haikuwa nzuri sana.

Kesho yake baada ya karamu ile, yeye na Mama Elvis walirudisha sufuria, nyumba kwa nyumba. Kwa Qabale walikuta mlango wazi, naye amekaa kizingitini. Aliipokea sufuria yake, akaigeuza huku na huku, kisha akamshika Yurub mkono.

"Nataka watu kwangu mwezi ujao," alisema. "Ng'ombe ninaye. Kupika kwa watu wengi sijui. Wanaanzaje?"

Yurub alikaa chini kizingitini pale pale.

"Kwanza pika siku tatu kabla, uharibu," alisema. "Halafu nitakuja tuharibu pamoja mara ya pili."