Visanduku Tisa vya Mama Jalada

Mama Jalada alikuwa na miaka arobaini na nane, mashine mbili za fotokopi, na somo moja lililomkaa kooni: Mkakati wa Biashara. Jina alipewa na wanafunzi, maana kibanda chake kilikuwa hatua thelathini kutoka geti la chuo, na kazi yoyote iliyopita mikononi mwake ilitoka imevaa jalada la plastiki na mgongo wa waya. Miaka kumi na miwili alifunga ripoti za watu, akizisoma huku mashine ikipata moto. Siku moja akamwambia mumewe, fundi majokofu, "Baba watoto, shahada zenyewe ndizo hizi? Upuuzi huu hata mimi nauweza." Akajiandikisha masomo ya jioni.

Upuuzi ukawa mgumu. Mwaka wa kwanza alichambua shirika la ndege, yeye ambaye ndege anazijua kwa mlio tu. Akamwaga ushindani wa kimataifa, akamwaga ufanisi wa kimkakati, akanyunyizia fursa zinazoibukia juu yake. Mhadhiri, bwana mwembamba anayeitwa Daktari hata na mkewe, akamrudishia alama ishirini na tisa na swali moja la wino mwekundu: "Mama, haya nani kakwambia?" Na sheria ya chuo haikuwa na maneno mengi: ukianguka somo hilo mara mbili, funga virago.

Kwa hiyo safari hii akaamua kuchambua kibanda chake mwenyewe.

Daktari alikuwa amewapa mchoro wa visanduku tisa ambao, kwa imani yake, unaweza kubeba biashara yoyote, kuanzia kiwanda cha saruji mpaka nyumba ya ibada. Mama Jalada akautandaza mezani, akaanza kujaza. Wateja: wanafunzi waliochelewa. Anachowauzia: kuonekana hawakuchelewa. Mumewe aliposomewa hilo, alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka.

Kisanduku cha nane kikamkwamisha. Kilitaka mshirika mkuu, yule ambaye bila yeye biashara haisimami. Akaandika muuza karatasi, akafuta. Akaandika fundi wa mashine, akafuta. Kisha uso ukamshuka.

"Nini tena?" mumewe akauliza.

"Ni Daktari."

"Kafanya nini?"

"Ndiye mshirika wangu. Si ndiye anayetaka kila kazi nakala tatu, zote zimefungwa? Siku akisema tumeni kwa barua pepe, mimi sina changu."

"Basi usimkumbushe! Weka muuza karatasi, yaishe."

"Ataniuliza tena nani kakwambia."

"Na ukiandika ukweli, tutakula visanduku?"

Siku mbili alizunguka na ripoti ya muuza karatasi kwenye mkoba. Kila akiifungua, ilimnukia shirika la ndege. Siku ya tatu akauchana ukurasa ule, akaandika ukweli wote, akachora na mshale: Daktari akibadili mawazo, kibanda kinapoteza wateja saba katika kila kumi. Akaifunga mwenyewe, nakala tatu, jalada la buluu.

Siku ya kuitetea mbele ya darasa, Daktari alifika kisanduku cha nane, akakisoma mara mbili.

"Mama, huyu mshirika mkuu ni mimi?"

"Ni wewe, Daktari."

Darasa likaangua kicheko. Kijana mmoja wa tai, aliyeitwa Mkurugenzi ingawa hajawahi kuuza hata kiberiti, akapiga dawati.

"Na umeandika hapa kwamba nakala ya tatu haisomwi. Umejuaje?"

"Mfagiaji wa ofisi yenu huniletea, Daktari. Nachapia upande wa nyuma. Hata hii ratiba ya leo uliyoishika imetoka kibandani kwangu, geuza uone."

Daktari akageuza. Nyuma kulikuwa na ukurasa wa arobaini wa ripoti ya mtu, safi, haujaguswa na kalamu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kila muhula," akasema polepole, "nasimama hapa kuwafundisha kupunguza upotevu. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kuniambia upotevu ni mimi." Akamwandikia alama palepale. Kisha, kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo, akatangaza kwamba kuanzia muhula ujao kazi zote zitatumwa kwa barua pepe. Nakala basi.

Darasa likalipuka kwa shangwe, kisha likakumbuka, likamgeukia Mama Jalada. Mkurugenzi alibaki mikono hewani, hajui apige makofi au atoe pole. Mama Jalada akaanza kupiga makofi mwenyewe, wengine wakafuata.

Alipofika nyumbani, mumewe alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu la mteja.

"Enhe! Umepita?"

"Themanini na moja. Juu ya darasa zima. Mkurugenzi hamsini na mbili, na tai yake."

Ndipo akamweleza na lile la barua pepe. Mumewe akatoka nyuma ya jokofu taratibu.

"Kwa hiyo mke wangu umejifukuza kazi, na ukapewa alama juu yake."

"Nzuri sana."

"Na kibanda?"

"Themanini na moja, baba watoto. Nipongeze kwanza, kulia tutalia kesho."

Fundi akajifuta grisi mikononi, kidole kimoja kimoja, akajinyoosha wima, akampa mkono kwa heshima zote kama mkuu wa chuo siku ya mahafali. Akaung'ang'ania mkono wa mkewe, hakuuachia.