Siku Mume Wangu Alipokuwa Utingo

Presha ya macho ilimwanza mume wangu taratibu, na kwa muda mrefu alinificha. Alikuwa dereva wa watalii, na kazi yake yote ilikuwa kuona: kumwona chui juu ya tawi kabla mgeni hajamwona, kumtambua faru akiwa bado nukta. Jioni moja alirudi akaniambia kuwa amempita tembo aliyesimama kando ya barabara, upande wa kushoto, na hakumwona hata kidogo. Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Wiki ile ile alikwenda kwa mwajiri wake akarudisha funguo mwenyewe, kabla hajaombwa.

Kiinua mgongo chake alikinunulia kirikuu. Mimi nilitaka ng'ombe.

Kwa asiyeijua, kirikuu ni pikapu ndogo ya Kijapani isiyo na pua. Injini iko chini ya kiti, kwa hiyo dereva hukaa juu ya moto. Mbele hukaa watu wawili tu. Ukiiona katikati ya malori ya mahindi pale Karatu mjini unaweza kuionea huruma. Yetu ilikuwa nyeupe, na mlangoni ilikuwa na maandishi ya Kijapani ambayo hakuna aliyeweza kutusomea. Nilipokuwa naisafisha mara ya kwanza nilikuta nyuma ya kiti glovu moja ya pamba, na ndani ya vidole vyake makapi makavu, nadhani ya mpunga. Nikaivaa. Ilinikaa sawasawa. Nikajisemea kwamba aliyekuwa nayo kabla yetu alikuwa mkulima kama mimi, pengine mwanamke, na kuanzia hapo kinyongo changu cha ng'ombe kikapungua.

"Sasa nani ataiendesha?" nilimuuliza mume wangu.

"Wewe."

Nilikuwa tayari na wajukuu wawili, na chombo kikubwa nilichowahi kukiongoza kilikuwa toroli. Alinifundishia kwenye uwanja wa mpira, asubuhi, watu wakiwa mashambani. Alikaa pembeni yangu, mikono juu ya magoti, uso mbele kama vile anaona kila kitu.

"Toa mguu kwenye klachi."

"Umejuaje kama uko kwenye klachi?"

"Nasikia harufu. Unaiunguza."

Siku nyingine tuligombana hadi nikazima gari na kurudi nyumbani kwa miguu, nikamwacha amekaa humo peke yake. Nilifika nyumbani, nikabandika maji ya chai, kisha nikakumbuka kuwa hawezi kurudi bila mtu wa kumshika mkono penye korongo. Nikarudi mbio. Nilimkuta bado amekaa vile vile. Alisema, "Washa. Tuanze na gia ya kwanza."

Nilipopata leseni nikaanza kubeba kabichi. Shamba letu liko Qurus, na majirani nao walikuwa na kabichi, karoti na viazi. Mara mbili kwa wiki nilipakia na kupandisha juu Ngorongoro, kwenye kantini moja ya wafanyakazi kule ukingoni mwa kreta. Barabara ile ya kupandia msituni haina huruma na gari dogo. Mwezi wa kwanza kirikuu ilichemsha karibu kila safari. Nilijifunza kubeba dumu la maji, kusubiri rejeta ipoe kabla ya kugusa kifuniko, na kutoona aibu magari ya watalii yakinipita na vumbi lao.

Hapo ndipo mume wangu alipopata kazi mpya, ya kuibadilisha ile gari. Fundi wetu ana gereji ndogo nyuma ya soko. Ni mtu wa makamo, mpole, na ana tabia ya kuguna kabla ya kujibu. Mume wangu alikaa kwenye benchi la gereji, akiipapasa gari kwa viganja na kutoa maagizo. Rejeta izibuliwe na feni ibadilishwe. Springi za nyuma ziongezwe jani moja moja la chuma. Matairi yawe makubwa kidogo. Tulipoyafunga yakawa yanasugua bodi kila nikikata kona, ikabidi fundi akate bati na kulikunja upya.

Kisha mume wangu akasema anataka paa la kufunguka, kama la magari ya watalii.

Fundi aliguna. "Mzee, hii ni ya kabichi."

"Najua ni ya nini."

"Ukiiwekea paa la chuma itakuwa nzito juu. Kwenye kona za kule msituni itapinduka na mama."

Walibishana siku tatu. Mwishowe fundi alichomelea fremu ya bomba nyembamba, wakavika turubai, na katikati ya turubai wakakata dirisha la kukunjwa kwa juu, ambalo mtu akisimama anatoa kichwa. Nyuma ya kichwa cha gari waliweka benchi fupi lenye godoro. Mlango wa mbele upande wa abiria wakauongezea ngazi na kishikio kirefu. Nilimuuliza mume wangu kishikio na ngazi ni vya nini, maana yeye hupanda bila shida.

"Vya mama," akasema.

Hapa lazima nieleze habari ya mama mkwe wangu. Tunakaa naye boma moja pale Qurus. Tangu azaliwe ameiona ile milima yenye msitu kila akitoka nje kunawa uso, lakini alikuwa hajawahi kuipanda. Na hakuwa na hamu nayo, kwa sababu baba mkwe alipofariki mume wangu alikuwa huko chini ya kreta na wageni. Wakati ule simu zilikuwa hazishiki vizuri. Ujumbe ulimfikia siku ya pili, na alipofika nyumbani kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Mama hakumkaripia. Alimkaribisha chakula kama mgeni. Kwa miaka yote iliyofuata alikuwa akizungumza naye vizuri, mambo ya mvua, ya mbegu, ya kanisani, lakini ile kazi yake hakuitaja kabisa. Akiulizwa mwanae anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko kwa Wazungu," na kuanza habari nyingine.

Nilidhani atakataa kwenda. Nilimwambia tukiwa tunachambua maharage. "Mama, Alhamisi napeleka kabichi juu. Baba watoto anasema twende wote."

Alichambua kidogo. "Nitavaa koti gani?" akauliza.

Asubuhi ile alivaa makoti mawili na kilemba cha kanisani. Alishika kishikio, akaweka mguu kwenye ngazi, akapanda kama mtu aliyezoea. Mbele tukajaa, mimi na yeye. Mume wangu akazunguka nyuma, akakaa kwenye benchi lake, kabichi zimemzunguka hadi kifuani.

Getini askari alikagua vitambulisho, akatazama karatasi ya mzigo, kisha akachungulia nyuma. Gari la mizigo halibebi abiria, hilo nalijua.

"Mama, na huyu wa nyuma ni nani?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka chini ya turubai. "Mimi ni utingo, afande. Mpakiaji na mpakuaji."

Askari alisimama. Alikuwa mtu wa umri wetu. Akarudi nyuma ya gari, nami nikashuka nikihofia ugomvi. Nilimkuta ameushika mkono wa mume wangu kwa mikono yake miwili.

"Kaka, ni wewe? Tulisikia umeacha kazi tu. Hatukusikia haya."

"Nimebadilisha gari," mume wangu akasema.

Askari alicheka, kisha kicheko kikamshinda, akainamisha uso. Maelfu ya mara alikuwa amemwona mume wangu akipita pale, amekaa juu, miwani ya jua, wageni nyuma yake. Akatufungulia. Tulipokuwa tunaondoka mama aliniuliza kwa Kiiraqw yule ni nani. Nikamwambia ni mtu aliyekuwa anafanya kazi na mwanao. Akageuka kumtazama hadi kona ikamficha.

Kirikuu ilipanda vizuri. Feni mpya ilifanya kazi yake, na nilisimama mara moja tu, si kwa sababu ya kuchemsha bali nyati alikuwa amekaa barabarani. Tulipofika kwenye sehemu ya kutazamia kreta nikaegesha. Ukungu ulikuwa umejaa mzito kama uji. Hatukuona hata ukuta wa mawe mpaka tulipougusa. Watalii wawili watatu walikuwa wanapiga picha za weupe na kusikitika.

Nilitaka kulia kwa niaba ya mama. Mume wangu aliniuliza, "Mnaona nini?"

"Hakuna kitu," nikasema. "Ukungu mtupu."

"Basi leo tuko sawa." Akamshika mama mkono, akamsogeza ukutani, akaanza kuonyesha kwa kidole. "Hapa mbele yako ni bonde. Chini kabisa, mkono wa kushoto, kuna ziwa la magadi. Pembeni yake huwa kunakuwa na ndege wa rangi ya waridi. Msitu mdogo uko huko huko kushoto, karibu zaidi na sisi, wenye miti ya manjano. Barabara ya kushukia iko mbali, upande wa pili huko, inazunguka."

Alizungumza kwa Kiiraqw, si kwa ile sauti ya kazini. Mama alisikiliza akiwa amekaza macho kwenye weupe. Mwishoni akasema, "Hakuna kitu hapo, mwanangu," na wote watatu tukacheka, yeye akiwa wa kwanza.

Tukaenda kushusha kabichi. Kantini walitupa chai, na mume wangu alishusha mzigo kweli, kichwa kwa kichwa, akihesabu kwa sauti ili asiwe utingo wa uongo. Tulipoanza kurudi ilikuwa saa nane mchana na jua lilikuwa limewaka. Sikumuuliza mtu. Nikaegesha pale pale.

Safari hii mama alitangulia. Alifika ukutani, akasimama, akashika jiwe kwa mikono miwili. Chini kabisa ziwa lilikuwa linang'aa, na wanyama walikuwa kama punje za ulezi zilizomwagika kwenye jamvi.

"Ziwa liko kushoto?" mume wangu akauliza kutoka nyuma.

"Liko kushoto," mama akajibu. "Dogo."

"Si dogo. Liko mbali."

Mama alitazama tena. Akafuata kwa macho ukingo wote wa kreta, upande hadi upande. "Ile barabara ya kushukia uliyosema iko wapi?"

Mume wangu akaonyesha, na kidole chake kikawa kimekosea kidogo, kwa sababu alikuwa amesimama vibaya. Mama alimshika kiwiko, akamgeuza taratibu hadi kidole kikafika.

"Na siku ile ulikuwa kule chini," akasema.

"Nilikuwa kule chini, mama. Karibu na ziwa."

"Na simu haifiki."

"Haikuwa inafika."

Mama aliendelea kumshika kiwiko. Mimi nilijifanya natazama matairi. "Ni mbali kweli," nikamsikia akisema. "Mimi nilidhani ni hapo tu nyuma ya mlima."

Tuliporudi garini mama alikataa kupanda mbele. Alitaka kuona lile dirisha la turubai. Nikamwambia hairuhusiwi, na baridi ya upepo itamuua. Akasema atakaa hadi karibu na geti tu. Mume wangu akambeba kumpandisha, wakakaa wote wawili kwenye benchi, na mimi nikashuka mlima polepole kwa gia ya pili. Kwenye kioo niliona kilemba kimechomoza juu ya turubai, kikipepea, na mkono wa mume wangu umemkamata koti kwa nyuma. Kabla ya geti nikasimama, mama akarudi mbele na machozi ya upepo. Yule askari alikuwa bado zamu. Alituangalia, akasalimia kwa adabu, akatufungulia.

Tangu siku hiyo watu wakimuuliza mama habari za mwanae huwaeleza kazi aliyokuwa akiifanya, kwa urefu, na mara nyingine huongeza wanyama ambao hawapo. Macho ya mume wangu hayakurudi. Dawa za matone zinalinda kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo: mwanga wa mlango, kivuli cha mtu. Bado tunagombana juu ya klachi.

Wiki iliyopita mama aliniambia kwamba kuna binti wa marehemu kaka yake aliyeolewa na Mmasai kule Enguserosambu, na kwamba hajawahi kuwaona watoto wake. Nilimweleza kuwa ni safari ya kupitia Wasso, mawe matupu, siku nzima au zaidi, na kwamba springi ya nyuma kulia imeshaanza kulala. Hakubishana. Kesho yake asubuhi nilimtafuta nyumbani nikamkosa, na kirikuu haipo; alikuwa amemwita fundi aje aichukue. Tulimkuta gereji, amekaa kwenye lile benchi na makoti yake mawili, na fundi yuko chini ya kirikuu.

"Anasema nisitoke humu mpaka springi iwe sawa," fundi akanieleza.

Mama aliipigapiga bodi ya gari kwa kiganja. "Wewe endelea," akamwambia.