Bendera ya Darajani

Jioni moja ya Oktoba, joto bado limetukalia mabegani, tulikuwa tukivuka daraja la mto kwa miguu. Mbele yangu mama mmoja, beseni la samaki wakavu wa ziwani Pweto kichwani, akasimama ghafla katikati. Ilikuwa saa ya kushusha bendera, na kwetu bendera ikishushwa kila mpita njia husimama. Anayeendelea kutembea hufokewa na polisi. Basi nikasimama. Nyuma yangu mwanamume akavua kofia. Mwenye baiskeli mmoja akashuka. Daraja zima likatulia, maji tu yakaendelea chini, kana kwamba yenyewe hayana serikali.

Mwenye kofia akanong'ona, akiitafuta bendera kwa macho, "Mama, drapo iko wapi? Siioni."

Mama hakugeuka. "Drapo gani, baba? Miye niko napumuzika. Apa njo kuko upepo."

Kweli upepo ulikuwepo, mwembamba, wenye harufu ya mvua ya mbali. Mwenye kofia akaitazama kofia yake, asiivae.

Miaka yote nimekuwa nikisimama bendera ikishushwa kwa kuogopa polisi. Siku ile hakuna aliyetulazimisha, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.